Ulaya Waliponiandika Mjane wa Babu

Kuna mashine moja Ulaya, sijui iko mji gani, ambayo mpaka leo inaamini mimi ni mjane. Nipo kidato cha nne, sijawahi hata kuandikiwa barua ya mapenzi isiyo na makosa, lakini kwa wakubwa wa afya wa dunia nimeshaolewa, nimeshafiwa, na mume wangu kafa mbele ya macho yangu huku anatokwa jasho la damu. Mume mwenyewe ni babu yangu mzaa baba. Nikiwasimulia wenzangu shuleni wanacheka mpaka wanang'ang'ania madawati. Mimi, ambaye nimetolewa darasani mara nyingi kwa kucheka tu, siku niliyoisikia habari hiyo nilibaki mdomo wazi kama sangara aliyetupwa ndani ya mtumbwi.

Anayetarajia kwamba mwishoni nitaomba radhi aache kusoma hapa hapa. Sikukosea. Nilifanya kazi yangu.

Kwetu ni Kamanga, ng'ambo ya Mwanza, pale kivuko kinaposhusha watu, mbuzi na magunia. Siku za shule nakaa Pasiansi kwa baba mkubwa, ambaye alikuwa fundi kwenye kiwanda cha serikali mpaka kiwanda kikauzwa na yeye akabaki na barua ya pole. Sasa anauza mitumba. Siku za likizo na mwisho wa wiki navuka kwenda kwa bibi na babu. Babu alikuwa na ng'ombe wachache na maneno mengi. Bibi anakaanga mapanki pale kivukoni, yaani mifupa ya sangara inayobaki viwandani baada ya minofu kupandishwa ndege. Ulaya wanakula mnofu, sisi tunanyonya mgongo, na bibi husema mgongo ndio wenye utamu, waache wao wajidanganye.

Kwa asiyejua, na naona wasiojua wanaongezeka, kwetu mjukuu wa kike ni mke wa babu yake. Hakuna jambo baya ndani yake, ni utani, na utani una sheria kuliko shule. Babu alikuwa akiniona tu nashuka kivukoni anaita, "Mke wangu kipenzi, umeniletea nini mjini?" Mimi namjibu, "Mume gani huyu anayeulizia zawadi, kwani mahari yangu umemaliza?" Bibi naye hakuniita jina langu hata siku moja. Aliniita mke mwenza. "Mke mwenza, njoo uoshe masufuria, mimi mke mkubwa kiuno kimenikataa." Namwambia mke mdogo haoshi masufuria, mke mdogo huoshewa. Ananirushia kijiti cha kuni. Hivyo ndivyo tulivyopendana, na hakuna mtu Kamanga nzima aliyehitaji kuelezwa.

Babu alipozeeka sana miguu ikaanza kuvimba. Mganga wa zahanati akasema moyo umechoka, apumzike. Babu akasema amepumzika tangu kodi ya kichwa ifutwe. Asubuhi moja, mimi nikiwa likizo, alikaa kwenye kigoda chake akisubiri uji, na uji ulipofika yeye alikuwa ameshaondoka. Hakukuwa na kelele wala damu. Bibi alidhani amesinzia, akaufunika uji kwa sahani usipoe.

Sasa kwenye msiba wa mzee, wajukuu ndio wenye uwanja. Watoto wanalia, wazee wanapanga, wajukuu wanatania. Tunavaa nguo za marehemu, tunatembea kama yeye, tunazuia njia ya kaburini mpaka watoto wake watoe chochote. Msiba wa mzee usio na mtani ni kama ugali mkavu, utameza lakini utakukaba. Bibi alikuwa amekaa chini tangu jana yake hajala, hajasema, hajalia sawasawa. Shangazi mmoja akaninong'oneza, "Nenda kamfanyie kazi bibi yako, atatufia huyu."

Nikaenda nikavaa koti la babu. Koti lenyewe lilikuwa mtumba wa kike kutoka Ulaya, vifungo viko upande wa kushoto, baba mkubwa alimpa na hakuna aliyethubutu kumwambia mzee. Nikachukua na kofia yake na fimbo. Nikatoka nje nikaanza kulia kilio cha mjane, cha kugaragara.

Nikasema, jamani huyu mke mkubwa mnayemwona hapa amejiinamia, msimwonee huruma, kaniulia mume kwa wivu. Kamlisha mapanki asubuhi, mapanki mchana, mapanki usiku, mpaka macho ya mume wangu yakatoka kama ya sangara. Mpaka jasho likageuka damu. Ng'ombe walipoona bwana wao anavyoteseka, na wenyewe wakaanguka mmoja mmoja kwa huruma. Hata aliyeosha sahani yake yuko kitandani hajijui. Sasa mimi mjane mbichi nani atanioa, nani, maana vijana wote wa Kamanga wananuka dagaa.

Watu waliangua kicheko. Vijana wa Kamanga walipiga kelele za kupinga. Na bibi akainua kichwa, akaniangalia ndani ya lile koti, akacheka huku machozi yanashuka, akaokota mchanga akanirushia. "Mshenzi wewe," akasema, "mume hajazikwa unatafuta mwingine." Kisha akalia kweli, kilio kile kilichokuwa kimemkwama, na baada ya kulia akaomba maji. Shangazi akanikonyeza. Kazi imekwisha.

Kati ya waliocheka alikuwapo kijana mmoja wa pikipiki. Huyo tulimzoea. Alikuwa wa mradi wa afya uliokuwa na ofisi mjini, na kazi yake ilikuwa kuvuka kivuko kila penye msiba, kutoa pole, kula na wanaume, halafu kuuliza marehemu alikuwa akiumwa nini. Alikuwa mpole, ana salamu nzuri, anampa kila mzee shikamoo yake. Nilimwona akiandika wakati mimi natania. Nikafikiri utani wangu ni bomba kiasi kwamba mtu anauhifadhi. Nikapandisha sauti.

Babu tulimzika nyuma ya nyumba, karibu na zizi. Shule zikafunguliwa, nikarudi Pasiansi.

Jioni moja tulikuwa mezani kwa baba mkubwa, redio imewashwa, idhaa ya Kiswahili ya nchi za nje. Siku zile kila mtu alikuwa na hofu ya ule ugonjwa wa kutokwa damu uliokuwa ukisemwa upande wa pili wa mipaka, kwa hiyo taarifa za magonjwa zilisikilizwa kwa ukimya. Mtangazaji akasema wakubwa wa afya wa dunia wanafuatilia habari za ugonjwa usiojulikana kwenye kijiji cha wavuvi ng'ambo ya Mwanza. Mzee mmoja amefariki akitokwa jasho la damu. Mifugo yake pia imekufa. Mtu aliyemhudumia ni mgonjwa mahututi. Taarifa hizo, akasema, zimetolewa na mjane wa marehemu, msichana mdogo.

Baba mkubwa akatikisa kichwa, akachovya tonge kwenye mchuzi. "Maskini watu wa watu," akasema. "Sijui wametoka ukoo gani hao."

Alikuwa anamhurumia baba yake mzazi.

Mimi nilirudisha tonge kwenye sahani. Niliyajua yale maneno kama mtu anavyojua kaptula yake ikipita imevaliwa na mwingine. Ng'ombe walikuwa wangu. Damu ilikuwa yangu. Lakini vile sauti ya yule bwana ilivyokuwa nzito, yenye huzuni, nikajikuta kwa dakika nzima naogopa huo ugonjwa na mimi.

"Baba mkubwa," nikasema, "yule mzee ni babu."

"Babu yupi?"

"Babu yetu. Na mjane ni mimi."

Aliniangalia kama anayepima kama ni homa. "Wewe mtoto," akasema taratibu, "kuna siku utani wako utaolewa."

Jumamosi tulivuka wote wawili. Nilikuwa na sare za shule, nimetoka moja kwa moja kwenye masomo ya ziada. Kivukoni Kamanga nilijua mambo yameharibika kabla sijauliza, kwa sababu kikaango cha bibi kilikuwa kimefunikwa, na lundo la mapanki limekaa na nzi wake, hakuna mnunuzi. Wanawake wenzake walikuwa wamehamishia majiko yao upande wa pili. Hawakumtukana. Walimsalimia kwa mbali, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi.

Nyumbani kulikuwa na magari mawili meupe. Watu wameziba midomo kwa vitambaa, mikono imevikwa mipira, wanazunguka zizi wakihesabu ng'ombe waliokufa. Ng'ombe walikuwa wazima, wanawatazama wakicheua. Kijiji kizima kilisimama nyuma ya uzio wa minyaa. Katikati ya uwanja alikuwa bibi kwenye mkeka, na mbele yake mama mmoja wa kizungu, daktari, amechuchumaa kwa adabu nzuri tu, na yule kijana wa pikipiki anatafsiri.

Daktari alikuwa anauliza mke mdogo wa marehemu yuko wapi.

Bibi akaniona naingia. Na kwa mazoea ya maisha yangu yote, bila kufikiri, akanyoosha kidevu. "Mke mwenzangu ndiye huyo anakuja."

Kijana akafumba macho. Nadhani alitamani ulimi wake upotee. Lakini mzungu aliona kidevu, akageuka, akaniona: soksi nyeupe, sketi ya bluu, mkoba wa vitabu. Macho yake yakajaa machozi pale pale. Akasimama, akaja akanishika mkono kwa mikono yake yenye mipira, akasema jambo kwa sauti ya chini sana.

"Anasema hapa uko salama," kijana akatafsiri huku anaangalia chini. "Anasema usimwogope mtu yeyote."

"Mwambie naogopa hiyo mipira," nikasema.

Nilieleza. Baba mkubwa akaeleza. Bibi akaeleza, tena kwa kucheka, kwamba huyu ni mke kwa mdomo, kama wewe kijana ungekuwa shemeji yangu ningekuita mume na usingelala hapa. Majirani wakaeleza kutoka kwenye minyaa, wote kwa pamoja. Kila tulivyoeleza, yule mama alitutazama kwa huruma zaidi, kama mtu anayeona familia nzima imekaa kikao ikakubaliana uongo wa kufunika aibu. Nikaona nikijitetea zaidi nitaonekana nimelishwa maneno. Nikanyamaza. Kunyamaza nako akakuandika.

Ndipo akasema lile alilolijia. Kijana alilisikia, akashindwa kulitafsiri. Akaulizwa tena. Akasema, "Bibi, wanaomba wamwone mzee pale alipo."

"Karibuni," bibi akasema, "kaburi ni lile pale nyuma ya zizi." Akadhani wanakwenda kutoa heshima. Akaanza hata kutafuta ndala zake awasindikize.

Wanaume wawili wakafungua mlango wa nyuma wa gari, wakatoa makoleo.

Sijawahi kuona mzee anatembea vile. Bibi alifika kaburini kabla ya wenye miguu ya ujana, akakaa juu yake, akanyoosha miguu kama anayeota jua, akajifunga kanga vizuri. Hakupiga kelele. Aliuliza tu, "Mama zenu waliowazaa wanajua mpo hapa?"

Wale wa makoleo walikuwa vijana wa Mwanza. Waliangalia chini. Nyuma ya minyaa watu walikuwa wameshaanza kuvuka uzio, na wavuvi wametoka mwaloni, kwenye mitumbwi yao, na makasia mkononi. Mama mmoja akasema kwa sauti ya kusikika, "Mumiani wa zamani walikuwa na aibu, walivizia watu njiani. Hawa wanaingia kwa mlango na mkalimani." Mwingine akasema, "Wamekula minofu ya samaki wote wakamaliza, sasa wamefuata ya wazee." Hakuna aliyecheka, na hiyo ilinitisha kuliko makasia, kwa sababu kwetu jambo likikosa kuchekesha basi mtu ataumia.

Mwenyekiti wa kijiji akaingia kati. Akasema makoleo yarudi ndani ya gari, familia ipewe mpaka Jumatatu ikubaliane, na kama haitakubali, wakubwa wa wilaya wataleta amri. Magari yakaondoka. Bibi hakuondoka juu ya kaburi mpaka aliposikia honi ya kivuko kikiondoka.

Neno la familia lilikuwa la baba mkubwa, mtoto wa kwanza. Na baba mkubwa alitaka kukubali. Alituambia jioni ile uso wake ukiwa umesinyaa. Kule Pasiansi, akasema, habari imeshafika. Mteja alishika suruali, akasikia muuzaji ni mtu wa Kamanga, akaiachia kama imemuunguza. "Mama, wafukue waone hakuna kitu, wafukie. Yaishe."

"Atakayefukuliwa ni nani?" bibi akauliza.

"Ni baba, mama. Lakini baba ameshakufa."

"Na kwa sababu ameshakufa ndiyo unamgawa?"

Baba mkubwa akalia. Mtu mzima, fundi mashine, akalia mbele yangu, na mimi sikujua niangalie wapi.

Jumatatu asubuhi alinichukua kwenda ofisini kwa mradi, aoneshe kwa macho kwamba mjane ni mwanafunzi wa kidato cha tatu. Ofisi ilikuwa ghorofani mjini, ina feni na zulia. Mezani palikuwa na kompyuta, ya kwanza mimi kuiona kwa karibu, imeungwa na waya wa simu. Ilipoanza kuongea na Ulaya ilikoroma, ikapiga miluzi, kama kuku anakabwa ndani ya debe. Daktari alikuwa amevua kitambaa cha mdomoni, na bila kitambaa alikuwa mtu wa kawaida kabisa, ana mafua. Aligeuza kioo cha ile mashine kunielekea nisome.

Kiingereza changu ni cha kuungaunga, lakini kile nilikielewa. Mke mdogo wa marehemu aeleza. Jasho la damu. Macho kutokeza. Vifo vya ng'ombe, mmoja baada ya mwingine. Aliyeosha vyombo ni mahututi. Chanzo kinachohisiwa, samaki. Walikuwa wameunyonyoa utani wangu kama kuku wa sikukuu. Hapakuwa na koti lenye vifungo vya kike, hapakuwa na wivu wa mke mkubwa, wala vijana wanaonuka dagaa. Wala hapakuwa na bibi kuinua kichwa. Kwenye samaki wetu wanachukua mnofu wanatuachia mifupa. Kwenye maneno yangu walichukua mifupa, mnofu wote wakauacha Kamanga.

Nikashuka chini kwenye kioo. Kulikuwa na mengine mengi. Mwanamke mmoja kisimani, nchi ambayo sijaisikia, alisema watoto wa jirani wanaharisha. Mchuuzi sokoni alisema kuku wanakufa. Mtu kwenye basi alisema ameota kaka yake amevimba. Dunia nzima watu walikuwa wanaongea zao, wanachota maji, wanapika, na huku maneno yao yanapita juu ya vichwa vyao yakienda mahali pamoja, na wao hawajui. Nilijaribu kukumbuka yote niliyowahi kusema mbele ya mtu mwenye kalamu.

Nikamgeukia kijana. "Kaka, wewe ulikuwapo. Ulicheka."

"Nilicheka mpaka nikapaliwa, dada'angu," akasema. "Nilijua ni utani. Lakini sharti letu ni tusichuje. Andika kama mtu alivyosema, na undugu uandike kama alivyojitaja mwenyewe. Ukiweka ya kwako unafukuzwa kazi."

"Sasa anayechuja ni nani?"

"Kule."

"Kule wanajua utani?"

Akaangalia feni.

Baba mkubwa akaomba ifutwe basi, hapo hapo, wote tukiwa mashahidi. Daktari akasema haifutiki, imeshasomwa kwenye ofisi nyingi za dunia. Kinachowezekana ni kutuma ujumbe mwingine kwamba imechunguzwa, haikuwa kweli. Basi tuma, nikasema, mimi mwenyewe ndiye nimesema, na mimi mwenyewe nasema si kweli. Akatikisa kichwa kwa upole. Maneno hayatoshi. Wanahitaji kitu cha kupima. Ama kitoke kwa marehemu, ama iwe damu ya waliokaa naye karibu: mke aliyelala naye chumba kimoja, na mimi.

Nikalitafuna hilo. Neno langu la uongo lilitosha kuwatoa Ulaya mpaka zizini kwetu. Neno langu la kweli halikutosha kuwarudisha hata mjini.

Damu yangu niliitoa pale pale, nikiangalia dirishani nisizimie. Iliyobaki ilikuwa ya bibi, na hapo ndipo baba mkubwa aliposhika kichwa. Kwa sababu bibi yangu ni mtu ambaye, alipokuwa binti, wakisikia gari linakuja walikimbilia kwenye mtama, maana ilijulikana kwamba kuna watu wanaonyonya damu za watu na kuipeleka mbali ikatengenezwe dawa. Wenzake wamekua wakaacha kuamini. Yeye hakuacha. Hata zahanati pale Kamanga akiwa na malaria hutaka dawa tu, kidole chake hakichomwi. Babu alikuwa akimtania kwamba damu anaibania hivyo kama atazikwa nayo.

Tukavuka. Tukamkuta kaburini, ameweka mkeka kabisa, anachambua mchele pale. Baba mkubwa akashindwa kuanza. Nikaanza mimi.

"Bibi, wamesema kitu kimoja kati ya viwili."

Nikamwambia. Sikutia chumvi, mara ya kwanza katika maisha yangu. Alisikiliza mikono ikiendelea kutoa mawe kwenye mchele. Nilipomaliza akauliza, "Wakichukua kwangu, kwake hawaji?"

"Hawaji."

"Umeyasikia haya kwa masikio yako?"

"Kwa masikio yangu."

Akamaliza kuchambua mchele. Kweli, alimaliza ungo wote. Halafu akaniambia, "Nitolee ile kanga mpya."

Walikuja na gari moja, bila makoleo. Bibi alikaa kwenye kigoda cha babu, amevaa kanga mpya, na majirani walisimama mbali wakimtazama kama wanamtazama mtu anayeingia ziwani na hajui kuogelea. Mama mmoja alimwita kwa jina lake la ubinti, amkanye. Hakugeuka. Mkono wake ulikuwa umenyooka, lakini ule mwingine ulikuwa umeng'ang'ania kigoda. Sindano ilipoingia alifumba macho, akasema kwa Kisukuma maneno ambayo hayakuwa ya kutuambia sisi, yalikuwa ya kumwambia babu. Damu ikapanda kwenye kichupa. Aliposikia imetosha akafumbua macho, akaitazama, nyeusi nyeusi, akashangaa kwamba imekaa mahali padogo vile.

Kijana akachukua kalamu. Ilibidi aulize, na safari hii aliuliza kwa woga. "Bibi, na huyu ni nani wako?"

Bibi akaitazama ile kalamu. Akanitazama mimi. Midomo yake ikaanza kushika ile njia ya siku zote, nikaiona kabisa ikiliandaa lile neno, na ikaliacha.

"Mjukuu," akasema.

Tangu nizaliwe hakuwahi kuniita hivyo. Ni neno zuri, halina kosa, na lilinipiga kama kofi. Majirani nao walilisikia.

Gari likaondoka na kaburi halikuguswa. Watu walirudi kununua mapanki, kwanza wale wa mbali wasiojua, halafu wa karibu waliochoka kujifanya. Baba mkubwa alisikia redioni kwamba habari za ugonjwa wa ng'ambo ya Mwanza zimefuatiliwa na hazikuthibitishwa. Ilitajwa haraka, kabla ya mpira. Baadaye akafa mzee mmoja wa mwaloni, mzee wa watu, mwenye wajukuu watundu kama mimi. Walivaa kofia zake vizuri. Lakini pikipiki ilikuwa imeegeshwa pale kwenye minyaa, na wajukuu walizunguka uwanja na zile kofia kichwani, wanaangaliana, hakuna aliyefungua mdomo. Mjane wake alikaa chini hajanywa maji mpaka tunazika. Sijawahi kuona mazishi yenye adabu ya kutisha namna ile.

Kijana akaja kunisalimia. Nikamjibu nzuri. Akauliza za masomo. Nikajibu nzuri. Akaenda zake.

Kaburi la babu limeota nyasi sasa, mbuzi wanazila na bibi anawafukuza kwa matusi ya kawaida. Lakini nikishuka kivukoni, kabla sijatua mkoba, kabla ya kuniuliza nimekula au sijala, hunivuta pembeni mbali na wateja na kuniuliza kama damu yake imeleta majibu. Mimi hupita kule ofisini nikaulizia. Husema habari yenyewe ilishafungwa, lakini majibu ya damu bado, ilipelekwa nje, yakija wataleta.

"Bado, bibi," namwambia.

"Basi bado wanaisikiliza hiyo damu," anasema, na anageuza mapanki upande wa pili.